Kuachana na strimingi: ninunue diski, nipakue mafaili, au niweke seva nyumbani?

Kitabu Wazi:
Wakuu, habari za wakati huu. Nimechoka kulipia huduma kadhaa za strimingi kila mwezi, huku filamu niliyoiweka kando niitazame mwisho wa wiki ikiondolewa kabla wiki yenyewe haijaisha. Usajili mmoja unakaribia kujiongeza wenyewe kwa mwaka mwingine, nami nakusudia kuusitisha ili nianze kumiliki vitu vyangu. Kati ya diski, mafaili ya kupakua na seva ya nyumbani (kompyuta inayotunza mafaili na kuyapeleka kwenye televisheni na simu), mnanishauri nishike ipi? Natanguliza shukrani.

Fundi Waya:
Mkuu, umetuomba dawa bila kutuambia unaumwa wapi. Unachotaka kumiliki zaidi ni muziki au filamu? Watazamaji ni wangapi, na hutumia televisheni au simu? Bajeti je? Aidha, njia ulizozitaja haziko daraja moja: diski na mafaili ni namna ya kuipata kazi, ilhali seva ni namna ya kuifikisha sebuleni ukiwa umekwisha kuipata.

Bi Kasha:
Mimi ni mtu wa diski, tena sifichi. Blu-ray yenye tabaka mbili hubeba GB 50, na ile ya Ultra HD hufika GB 100, kwa hiyo picha haibanwi kama inavyobanwa ili ipite kwenye intaneti. Ukitaka kuiona tofauti, tazama matukio ya giza, ukungu au moshi, ambako strimingi hukuletea vijiraba vinavyotambaa ukutani. Diski haiombi nywila, na unaweza kumwazima jirani au kuiuza ukiichoka. Ila soma nyuma ya kasha kabla ya kulipa: DVD na Blu-ray zimegawanywa kwa kanda, hivyo diski halali kabisa yaweza kukataliwa na deki yako. Ultra HD haina usumbufu huo.

Nanga:
Napenda nikutahadharishe kuhusu mafaili. Nilinunua filamu katika duka moja la kidijitali, ambalo sitalitaja, kwa bei kamili wala si kwa kukodi, na kwa muda mrefu zilikaa salama katika orodha yangu. Siku moja ikaja barua pepe fupi kwamba mkataba baina ya duka na mwenye haki umekwisha, hivyo baadhi ya filamu hazitapatikana tena. Nilipowaandikia, mhudumu wa kwanza alinishauri nitoke kwenye akaunti kisha niingie upya, wa pili akataka nizime televisheni na kuiwasha, na wa tatu ndiye aliyenielekeza kwenye kifungu cha masharti kinachosema kwamba nilichopewa ni leseni inayoweza kusitishwa. Fedha haikurudi; nilipewa salio la kutumia katika duka lilelile. Kilichonikera zaidi ni kwamba picha za makasha ziliendelea kuonekana, zikiwa zimepauka, na ukizibonyeza hakuna kinachotokea.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu vya George Orwell kutoka kwenye Kindle (vifaa vyake vya kusomea) za watu waliokwisha kuvilipia, na mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, navyo vikatoweka. Angalau hao walirudisha fedha. California imelazimika kutunga sheria, iliyoanza kutumika 2025, inayomtaka muuzaji amweleze mnunuzi waziwazi pale anapompa leseni tu.

Sikio Kali:
Ndugu Nanga, pole sana, lakini maduka hayafanani. Muziki usio na kufuli za kidijitali (zinazozuia kunakili) ukishaupakua ni wako: duka la Bandcamp hutoa FLAC (muundo usiopoteza ubora wa sauti) na MP3 (mdogo zaidi, ila hupoteza kidogo), na duka la iTunes liliondoa kufuli kwenye nyimbo mwaka 2009. Duka likifungwa kesho, faili lako haliendi popote. Shida iko kwenye filamu, kwa kuwa studio kubwa kwa kawaida hazikubali kuuza faili lisilofungwa.

Kitabu Wazi:
Asanteni. Kwetu muziki ndio mwingi, kisha filamu za watoto, ambazo hurudiwa hizo kwa hizo hadi mzazi anayajua mazungumzo yote kwa moyo. Nina kompyuta mpakato kuukuu na kabati la CD ambalo halijafunguliwa siku nyingi.

Fundi Waya:
Bajeti bado umeificha, mkuu, lakini hayo yanatosha kuanzia. Tumia Jellyfin, programu ya seva ambayo ni ya bure na haikulazimishi kufungua akaunti kwa kampuni yoyote. Plex, programu nyingine ya aina hiyo, ni nyepesi kwa asiyetaka kuhangaika, ila utakuwa umemkimbia mwenye nyumba mmoja ukapanga kwa mwingine. Kompyuta kuukuu itaumudu muziki bila taabu. Itakapohema ni pale televisheni isipoielewa kodeki (namna picha ilivyobanwa) ya filamu, ikalazimu seva ibadilishe picha papo kwa papo. CD ya saa moja ina zaidi ya MB 600, na FLAC huipunguza hadi karibu nusu au theluthi mbili bila kupoteza hata biti moja, kwa hiyo TB 1 hubeba albamu zaidi ya elfu mbili. Nunua diski kuu mbili za kuhifadhia mafaili, lakini usiziunge kwa RAID (mfumo wa kuzifanya zifanye kazi kama diski moja) ukadhani una nakala rudufu: ukifuta folda kwa bahati mbaya, itafutika kote papo hapo. Ya pili ikae nje ya nyumba.

Mpenda Amani:
Umeme, diski kuu na saa za kupanga mafaili, nani amezihesabu? Zaidi ya hayo, kazi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya strimingi hazijatolewa kwenye diski kabisa, kwa hiyo huwezi kuzimiliki kihalali hata ukitaka. Mimi ningebakiza huduma moja ya kugundulia vitu vipya.

Bi Kasha:
Hoja hiyo ndiyo inayonipa nguvu, ndugu yangu. Mwezi Mei 2023 Disney+ iliondoa hata kazi zake yenyewe, na zile ambazo hazikuwa na diski zikabaki bila mahali pa kutazamwa. Ila namuuliza Fundi: filamu za watoto atazihamishaje kwenye seva? DVD nyingi za studio zina kufuli, na nchini Marekani sheria ya 1998 inakataza kuivunja hata kama diski ni yako.

Fundi Waya:
Dada, sheria hutofautiana nchi na nchi, na kila mmoja aisome ya kwake. CD za muziki kwa kawaida hazina kufuli, kwa hiyo aanze nazo. Na diski nazo hufa: ishike mbele ya taa, ukiona vitobo vinavyopitisha mwanga kama vya sindano, ule utando wa ndani umeanza kuliwa. Zile unazozirekodi mwenyewe nyumbani huwahi kufa zaidi.

Mpenda Amani:
Basi ahamishe kwa MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, aokoe nafasi. Sikio la kawaida halitambui tofauti.

Sikio Kali:
Sibishani kuhusu sikio. Kutoka FLAC unaweza kutengeneza muundo wowote utakaohitajika baadaye. Kutoka MP3 kila ugeuzaji hupunguza kitu, na hakuna atakayependa kurudia kuingiza CD moja moja.

Kitabu Wazi:
Nimeanza kuhamisha. CD moja ya mkusanyiko imetawanyika kwenye Jellyfin ikawa albamu nyingi, kila msanii na yake. Nifanyeje?

Nanga:
Ifungue kwa Picard ya MusicBrainz, programu ya kurekebisha taarifa za nyimbo, chagua nyimbo zote kwa pamoja, na kwenye sehemu ya msanii wa albamu andika jina moja kwa zote. Majina ya waimbaji wa kila wimbo yaache yalivyo. Kisha iamuru seva ilisome upya folda hilo.

Sikio Kali:
Na picha ya jalada ihifadhi ndani ya folda, maana programu zikiachiwa zichague hukuletea jalada la toleo jingine kabisa.