Ushauri: Jirani ananipenda mimi, ila "hawa wanaokuja sasa" hawataki

MamaJunior_Lowell:
Habarini wadau. Nipo Lowell, Massachusetts, huu mwaka wa saba, tulikuja kwa grinikadi (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja) ya bahati nasibu ya viza. Jirani yetu ni mzee mwenye asili ya Ireland. Theluji ikianguka, nikirudi zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee nakuta keshatuzolea hadi mlangoni.

Juzi alikuwa ananisaidia kushusha mifuko ya sokoni, habari za wahamiaji zikaingia. Akasema: "Nyie watu safi. Shida ni hawa wanaokuja sasa. Bibi yangu alikuja 1908, akafuata sheria, akapanga foleni." Nikacheka kile kicheko cha kumaliza maneno. Jioni mwanangu wa miaka 12 akauliza mezani: "Mama, sisi ni kina 'nyie' au kina 'hawa'?" Nikajibu haraka, "Sisi tuna karatasi." Akaacha kula. Rafiki yake mkubwa darasani, wazazi wake hawana.

Mtoto nimwambie nini? Na mzee nimjibuje nisipoteze jirani?

FundiBomba:
Mtu anakuzolea theluji bure halafu unataka kumpa somo la historia? Nyamaza hadi Aprili, theluji iishe.

Kibarua wa Merrimack:
Dada, mimi nilikuwa nadeki makumbusho ya viwanda hapo hapo Lowell, nikawa nasoma maandishi ya ukutani kuliko ninavyodeki. Mifereji ya mji wenu walianza kuichimba Wairishi 1822, kwa koleo, wakilala kwenye vibanda. Wenyeji Waprotestanti wakawaita walevi, watu wa Papa wa Roma, waliokuja kushusha mishahara. 1834 genge likachoma nyumba ya watawa wa Kikatoliki Charlestown, jirani na Boston. 1854 chama cha kupinga wahamiaji, Know Nothing, kikazoa karibu viti vyote vya bunge la Massachusetts. Hao Wairishi ndio walikuwa "hawa" wa enzi hizo.

Na hiyo foleni ya 1908 ilikuwa ya daktari na karani bandarini, mara nyingi saa chache tu. Mtu wa Ulaya hakuombea viza ubalozini, wala hakuwekewa ukomo wa idadi. Ukomo ulikuja 1921, ukakazwa 1924. Vibarua wa Kichina ndio walikuwa wamefungiwa tangu 1882. Bibi alifuata sheria kweli, ila sheria yenyewe ilikuwa mlango wazi.

Shangazi_Tausi:
Nyongeza tamu. Miaka ya 80 vijana wengi wa Ireland walikuwa Boston na New York bila karatasi. Wanasiasa wakawapigania, na katika bahati nasibu ya 1992 hadi 1994 asilimia 40 ya viza zilitengwa kwa Ireland. Hii yetu ilifuata 1995. Wewe na hao ndugu zake mzee mmepita uchochoro mmoja.

Mtu Kwao:
Nitapingana kidogo. Nchi kuwa na mpaka si chuki, na kodi ya nyumba Massachusetts kila mtu anaiona. Halafu tusijifanye malaika: kwetu Kigoma, mpakani na Burundi, ukitaka kumnyamazisha Muha unamwita Mrundi. Mzee wako hana tofauti na mjomba wangu, aliyeingia Marekani kwa viza ya matembezi akapotelea humo, leo ndiye wa kwanza kusema wafunge mlango.

DaktariWaTakwimu:
Kumbukeni pia upepo unageuka. Gallup, shirika la kura za maoni, walipouliza 2024, asilimia 55 ya Wamarekani walitaka wahamiaji wapunguzwe. 2025 walikuwa 30 tu. Ni nchi ile ile, mwaka mmoja tu baadaye. Mzee naye yumo humo. Usimhukumu kwa sentensi moja, muulize habari za bibi yake.

MamaJunior_Lowell:
Mrejesho. Nilimuuliza. Akaniingiza sebuleni kwake, akashusha picha ukutani: msichana wa miaka 17 kavaa aproni, mfanyakazi wa ndani kwa tajiri mmoja. Nikasema, "Foleni yake ilikuwaje?" Akaigeuza picha, akasoma nyuma, hamna kitu. Akasema, "Kwa kweli hakuwahi kutuambia." Kisha akauliza kama nimenunua chumvi ya kumwaga ngazini kuyeyusha barafu, maana Jumatano inashuka.

Junior alikuwa amesimama mlangoni na koleo. Leo ameanza kuzoa upande wa mzee.