Tupeane uzoefu: picha gani iliwahi kukutoa jasho kuikata, yaani kumtoa mhusika kwenye begraundi yake?

Fremu ya Igoma

Wakuu, habari za jioni. Nina fremu ndogo ya picha hapa Igoma, Mwanza. Naanza mimi, halafu nanyi mtiririke.

Bwana harusi alitaka jalada la albamu: bibi harusi peke yake, begraundi ibadilishwe. Picha ilipigwa pale kwenye jiwe la Bismarck, upepo wa ziwa umeinua shela, nyuma kuna maji na vijana wawili wamekaa wanakula mahindi. Nikajisemea hii ya dakika tano. Photoshop, programu yangu ya kuhariri picha, ina kile kitufe kinachomchagua mhusika chenyewe tangu 2018, nikakibonyeza. Mtu kamtoa vizuri mpaka hereni. Shela sasa! Upande mmoja imekatwa kama karatasi, upande mwingine imebaki na ziwa ndani yake. Nilipomweka kwenye begraundi ya maua, bibi harusi akawa amebeba maji begani.

Tatizo la shela ni kwamba ipo na haipo. Ukiichagua yote unabeba na kilicho nyuma yake, ukiiacha hakuna bibi harusi. Nilihangaika mpaka saa tano usiku, kisha nikakumbuka chaneli, yaani picha ikigawanywa kwa rangi zake tatu: nyekundu, kijani na bluu. Ukifungua chaneli nyekundu peke yake, maji ya bluu yanakuwa meusi na shela inabaki na weupe hafifu. Nikainakili, nikaongeza weusi na weupe mpaka maji yakazama kabisa, nikaigeuza maski ya shela tu, yaani kifuniko kinachoamua kipi kionekane. Kwenye maski, nyeusi inaficha, nyeupe inaonyesha, kijivu inaonyesha nusu, na shela yote ni kijivu! Mwili niliuacha na maski yake ya kwanza, kwenye leya nyingine, yaani tabaka jingine la picha. Mwisho nikafifisha ubluu uliobaki kwenye kitambaa.

Bwana harusi alipokuja hakuitazama hata shela. Aliuliza kwa nini wale vijana wa mahindi hawapo.

Dada Steshenari

Hahaa, pole kaka. Mimi yangu ni za pasipoti tu, lakini zimenizeesha. Mzee mmoja alikuja na kanzu nyeupe, nikampiga kwenye ukuta mweupe, anataka begraundi ya bluu. Nilikuwa natumia ile fimbo ya uchawi, unagusa rangi moja inachagua zote zinazofanana nayo, ambayo ipo tangu Photoshop ya kwanza kabisa ya 1990, kwa hiyo imenizidi umri. Kiwango chake cha kuvumilia rangi kinakuja kikiwa 32. Nikagusa ukuta, nikafuta, nikajaza bluu, nikachapisha bila kuangalia vizuri maana foleni ilikuwa ndefu. Mzee akavaa miwani, akaitazama: "Mjukuu wangu, bega langu limekwenda wapi?"

Nikashusha kiwango mpaka 10, bega likarudi lakini ukuta ukabaki na madoa madoa. Siku hizi nimetundika shuka la bluu, sikati chochote. Ila mteja asimame mbali nalo kidogo, hatua mbili hivi. Akilisogelea, ubluu unamrudia shingoni na kwenye mashavu, anatoka kama mtu aliyekosa hewa.

Kijana wa Bana

Mimi niliifuta begraundi kwa kifutio, nikahifadhi kama JPEG, nikafunga. Sina la kuongeza.

Fremu ya Igoma

Pole mkuu. JPEG haina uwazi, ukiweka kwenye bana inakuja na boksi lake jeupe. PNG ndiyo inabeba uwazi. Na kifutio kikishakula kimekula, bora maski: ukikosea unapaka nyeupe, kitu kinarudi.

Mtu wa GIMP

Na sisi tunaotumia GIMP ya bure tusisahau kuiongezea leya chaneli ya alfa, ile inayobeba uwazi. Bila hiyo ukibonyeza kufuta, unapata rangi ya begraundi badala ya uwazi. Nilipoteza wiki nzima nikidhani programu ni mbovu.

Mwaloni Kirumba

Mimi natengeneza matangazo ya wauza samaki. Sangara ana mng'ao, na akilazwa juu ya barafu, kompyuta haijui samaki anaishia wapi. Ikanipa samaki, barafu, kisu na kidole gumba cha muuzaji. Nikarudi kwenye peni, kile kifaa cha kuchora ukingo mwenyewe. Watu wanaiogopa, lakini kwa kitu chenye ukingo mgumu hakuna inayoifikia. Weka nukta chache, vuta mkunjo, na upite kwa ndani ya ukingo, pikseli moja au mbili, usibebe utepe wa barafu. Nikafika mkiani, umeme ukakatika. Sikuwa nimehifadhi. Sangara wa pili nilimkata nikihifadhi kila pezi.

Mteja yuleyule kesho yake akataka dagaa. Nikamwuliza, bosi, mmoja mmoja? Nikawakata pamoja na sinia lao.

Kijana wa Bana

Nimekumbuka nyingine. Bana ya kipaimara, mita mbili. Nilimkata mtoto kwenye tovuti ya bure kwa simu, ikanirudishia picha ya upana wa pikseli 600. Kwenye simu inapendeza mno. Kwenye bana ni pikseli tatu kwa sentimita, mama wa mtoto alihesabu vigae vya sura ya mwanawe. Gharama ya kuchapisha upya ikawa yangu.

Mgeni wa Nyegezi

Wakuu, nimewakuta wakati mzuri. Nina mvuvi anarusha wavu, wavu mweusi, anga la mawingu meupe. Kesho asubuhi kazi inatakiwa. Nakataje kila tundu?

Fremu ya Igoma

Usiukate! Iweke leya hiyo juu ya begraundi mpya kwa hali ya kuzidisha, ile multiplai. Cheupe chote kinapotea, weusi unabaki. Mvuvi mkate peke yake, umweke leya ya juu kwa hali ya kawaida, la sivyo naye atapitisha begraundi mwilini.

Mgeni wa Nyegezi

Imekubali mkuu! Ila nimemkata mzee bila kofia.

Dada Steshenari

Mrudishie kofia yake kabla hajavaa miwani.