Mrejesho: kibao cha bei ya dagaa kimekubali

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kibao changu cha LED, vipande vinne vya taa 8×8 vyenye chipu ya MAX7219 (inayoziwasha taa) kwenye Arduino Uno (bodi ndogo inayopangiwa programu), kinaandika kinyumenyume na kuzimika-zimika. Ni cha bei ya dagaa kwenye meza ya shangazi, soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza.

Kinyumenyume kilikuwa neno moja tu: kwenye programu, pa kutaja aina ya vipande, niliandika GENERIC_HW wakati vyangu ni FC16_HW. Aliyeniambia hivyo nilimbishia sana. Mkuu, nisamehe.

Kuzimika ndiko kulikonitesa. Nililaumu chipu, kumbe umeme. Taa zote 256 kwa mwanga wa juu zinaweza kula zaidi ya ampea moja, nami nilikuwa navutia pini ya 5V ya Uno iliyochomekwa kwenye laptopu. USB ile hutoa nusu ampea. Sasa vipande vina chaja yao ya volti 5, ampea 2, na GND (upande hasi) yake nimeiunganisha na ya Uno (nilipoisahau kilitoa takataka tupu). Mwanga nimeushusha hadi 3 kati ya 15.

Juani bado hakisomeki, nimekivisha kofia ya boksi. Shangazi sasa anataka kiandike na “Hakuna mkopo”.