Mjadala: Nani afunge mashimo ya kokoto hapa Goma?

Mkazi wa Kyeshero
Ndugu zangu, naleta hoja tuijadili bila matusi. Anayechimba mawe ya kokoto alazimishwe kulifunga shimo akimaliza, na asiruhusiwe kabisa kuchimba jirani na ufuko wa Ziwa Kivu, kule pampu zinakovuta maji ya mji. Mimi naunga mkono yote mawili.

Mji wetu umekaa juu ya makoro, yaani mawe ya lava iliyoganda. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ile ya Mei 2021 ikasimama pembezoni kaskazini. Mawe hayo yamejaa nyufa na matundu, ndiyo maana Goma haina mto: mvua ikinyesha, maji yanazama na kuteremka chini kwa chini hadi Kivu. Na Kivu ndiko tunakochota, kwa bomba au kwa bidoni juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Penye udongo, maji hupita polepole na kuacha uchafu njiani. Mchimbaji ameshaondoa hata ule udongo mwembamba na majivu ya volkano. Kinachomwagwa shimoni kinashuka na mvua ya kwanza.

Tazameni shimo lililoachwa. Mama wa mwisho akishabeba nyundo yake na ule mviringo wa mpira wa tairi anaoshikia jiwe, vinafuata viroba vya takataka, nepi, oili chafu ya pikipiki. Kisha jirani anaelekeza humo bomba la choo chake. Mji ulioona kipindupindu kikiua maelfu ya wakimbizi Julai 1994 hauhitaji kufundishwa mwisho wa habari hiyo.

Muuza kokoto, Ndosho
Mkubwa, kuhusu takataka una haki, lakini si sisi tunaozitupa. Kokoto hizi ndizo zilizojenga upya nyumba zetu baada ya volkano. Wamama wengi pale wanalipa shule ya watoto kwa nyundo. Ukileta amri ya kujaza mashimo, mwenye mashine atalipa, mama atafukuzwa. Na udongo wa kujazia utatoka wapi katika mji wa mawe?

Mkazi wa Kyeshero
Swali la udongo ni zito, ndugu yangu. Ule wa juu usiuzwe: uwekwe pembeni siku ya kwanza, urudishwe mwishoni pamoja na vumbi na mabaki ya kokoto. Hautajaza shimo lote, lakini utafunika mwamba. Mzigo huo aubebe mwenye kiwanja, anayelipwa kila lori likitoka, si mama wa nyundo. Tena tuanze na hizo mashine za kusaga: mazutu (dizeli) yanamiminwa juu ya jiwe tupu, hata beseni la kukinga matone hakuna. Beseni linanunuliwa leo leo. Kuhusu ufuko sirudi nyuma. Sheria ya maji ya Kongo ya 2015 inataka sehemu yanapochotwa maji ya watu iwekewe eneo la ulinzi.

Mwalimu, Katindo
Na mashimo ya zamani, yasiyo na mwenyewe?

Mkazi wa Kyeshero
Hayo ni ya mji, Mwalimu. Kila lori la kokoto linatozwa kodi. Sehemu ya pesa hizo iyafunge, tukianza na yale yaliyo karibu zaidi na ziwa. Anayeona kodi hiyo ina kazi bora zaidi aitaje hapa.