Naomba ushauri: profaila ya memori iliyoandikwa kwa x86-64 inatoa majibu ya ajabu kwenye ARM64

Mdaka_Malloc:
Wakuu, habari zenu. Nina profaila ya memori (programu inayopima nani anatumia memori kiasi gani) niliyoandika kwa C, inayotembea kwenye Linux. Inaingizwa ndani ya programu nyingine kwa LD_PRELOAD, inadaka kila malloc na free (funksheni za kuomba na kurudisha memori), inapanda steki, yaani mlolongo wa funksheni zilizoitana, ijue nani kaomba memori, halafu inaweka rekodi kwenye bafa ya mviringo (ikijaa inaanza tena mwanzo). Thredi nyingine inasoma bafa na kuandika kwenye faili. Kwenye x86-64, yaani prosesa za Intel na AMD, haijawahi kuniangusha, na kuna watu wanaitegemea kazini.

Sasa seva zinahamia ARM64, na RISC-V iko njiani, zote ni aina nyingine za prosesa. Kompaila haikulalamika popote, lakini majibu hayaeleweki. Steki nyingi hazina majina ya funksheni: anwani ambazo kwenye ARM64 zilipaswa kuanza na 0x0000ffff zinakuja 0x002effff, 0x0051ffff, hazitabiriki. Hipu hai (memori iliyoombwa na bado haijarudishwa) inaonyesha MB 790 wakati RSS ninayoisoma, yaani memori ambayo programu inaikalia kwenye RAM, ni MB 52, kitu ambacho hakiwezekani kwa programu inayoigusa memori yake yote. Na mara mojamoja inatokea rekodi yenye ukubwa sifuri, ilhali hakuna anayeomba baiti sifuri.

Je, niandike toleo la kila prosesa, au inaweza kubaki moja? Nawasilisha.

Fundi_Kerneli:
Mkuu, usiandike upya. Hizo anwani hazijaharibika, zimetiwa saini. Prosesa nyingi mpya za ARM64 zina ulinzi wa pointa: funksheni ikiingia, anwani ya kurudi inatiwa saini kwenye biti za juu kabla ya kuhifadhiwa kwenye steki, na ikitoka saini inakaguliwa. Kama anwani pepe za kerneli ni za biti 48, saini inachukua biti 7, kuanzia ya 48 hadi ya 54. Angalia 2e na 51 ulizoandika: zimekaa hapohapo. Anayetafuta jina la funksheni kwa anwani yenye saini hapati kitu.

Unachotakiwa ni kuivua saini kabla ya kutafuta jina. Iko amri ya XPACLRI: weka anwani kwenye rejista ya x30, iite, chukua iliyobaki. Uzuri wake ni kwamba prosesa ya zamani isiyo na ulinzi huo inaipita tu bila kufanya lolote, kwa hiyo faili lako moja litatembea kwenye ARM64 zote. Nakuomba sana usikate biti kwa maski uliyoiandika mwenyewe kwa kudhani 48, maana kuna kerneli za biti 39 na za 52.

Bi_Steki:
Naongezea kwa alichosema Fundi, kwa sababu RISC-V itakuumiza hapohapo. Bila shaka unapanda steki kwa kusoma pointa ya fremu (rejista inayoonyesha sehemu ya steki ya funksheni inayotembea), na anwani ya kurudi unaichukua baiti 8 juu yake. x86-64 iko hivyo, na ARM64 nayo iko hivyo kupitia x29, ndiyo maana hukushtuka. Kwenye RISC-V pointa ya fremu inaelekeza mwisho wa juu wa fremu: anwani ya kurudi iko baiti 8 chini yake, na fremu iliyotangulia baiti 16 chini. Ukitumia umbali uleule utasoma takataka, na siku nyingine takataka hiyo itafanana na anwani halali.

Kwa hiyo tenga faili dogo kwa kila prosesa, lenye kazi mbili tu: "nipe fremu inayofuata" na "safisha anwani". Mengine yote yabaki ya pamoja. Na programu unazozipima zikompailiwe kwa -fno-omit-frame-pointer, ili pointa ya fremu isiondolewe, la sivyo itakubidi upande steki kwa jedwali za .eh_frame zilizomo kwenye faili la programu. Hilo linawezekana, ila kwenye kila malloc utaulipia uzito wake.

Kurasa64:
RSS yako: 52 mara 16 ni 832. Unasoma /proc/self/statm na kuzidisha kwa 4096, sivyo? Faili lile linahesabu kurasa (vipande ambavyo kerneli inagawia memori), si baiti, na kerneli ya ARM64 inaweza kujengwa kwa kurasa za KB 4, 16 au 64. Yako ni ya 64, mara 16 ya 4. Uliza sysconf(_SC_PAGESIZE), kisha utafute kila 4096 na kila "<< 12" (njia nyingine ya kuzidisha kwa 4096) kwenye msimbo wako.

Kijana_wa_QEMU:
Mkuu, kabla ya kununua mashine yoyote, endesha majaribio yote kwenye QEMU, programu inayoiga prosesa nyingine, juu ya x86 yako. Mimi hufanya hivyo, inatosha.

Bi_Steki:
Kwa kupanda steki, nakubali. Kwa zile rekodi za sifuri, hapana ndugu yangu. x86 haibadilishi mpangilio wa maandishi ya thredi moja kama thredi nyingine inavyoyaona, ARM inaruhusiwa. Thredi inayoandika inajaza rekodi kisha inasogeza fahirisi (namba inayoonyesha bafa imeandikwa hadi wapi), lakini msomaji kwenye kiini kingine anaweza kuona fahirisi mpya kabla rekodi haijafika. Ukiiga ARM juu ya x86, kosa hilo linaweza kujificha kabisa.

Mdaka_Malloc, fahirisi iandikwe kwa atomiki ya memory_order_release na isomwe kwa memory_order_acquire. Volatile haitoshi. Kwenye x86 hutaongeza amri yoyote ya prosesa.

Mdaka_Malloc:
Nashukuru sana, wakuu. Majina ya funksheni yamerudi na RSS sasa inasoma 832. Fahirisi nimeibadilisha kama Bi_Steki alivyoelekeza, na sifuri hazijaonekana tena. Nitaiacha itembee usiku kucha, kisha nitaitoa kwa watumiaji.

Fundi_Kerneli:
Usiku kucha hautathibitisha kitu mkuu, sifuri zenyewe zilikuwa za mara mojamoja. Kila rekodi ipe namba ya mfululizo na jumla ya ukaguzi, msomaji avihakiki, na uiendeshe kwenye mashine halisi yenye viini vingi, thredi zote zikiomba memori kwa pamoja. Msomaji akikuta rekodi moja tu isiyolingana, asimamishe programu papo hapo. Usitoe toleo kabla ya hapo.