Sarafu ya D.O.A. 1916, ni ya wapi hii?

mzee_wa_kirumba: Wakuu habari za jioni, juzi nilikuwa Ukerewe kwa shemeji tunachimba msingi wa choo tukakuta kisarafu cha njano, upande mmoja kuna taji, D.O.A. na 1916, upande wa pili 20 HELLER ndani ya majani na chini kaherufi T. Hakina tundu katikati kama zile senti kumi za mkoloni alizokuwa nazo bibi. Jamaa mmoja hapa mtaani ananiambia ni dhahabu, kweli?

Nyegezi_1: Dhahabu wapi mkuu 😂 hiyo shaba ya njano. D.O.A. ni Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani, heller ni senti ya rupia yao, na T ni Tabora. Kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walifunga bahari, sarafu hazifiki kutoka Ujerumani, ikabidi Wajerumani wagonge zao Tabora na vyuma vilivyopatikana, ndiyo maana nyingi zimekaa kienyeji, herufi zimepinda. Ya dhahabu ipo kweli, rupia 15, ila ile ina tembo.

mzee_wa_kirumba: Daah, tembo sina. Nimeanza kuisugua na ndimu na stilwaya ing'ae kidogo

dada_wa_igoma: Kaka acha hapohapo jamani!! Ukiisugua unaiua bei, wakusanyaji wanataka ule weusi wake wa zamani. Suuza na maji tu, kausha, funga kwenye karatasi. Na huyo jamaa wa dhahabu usimwachie hata dakika

mzee_wa_kirumba: Nimechelewa, taji limeshang'aa nusu 🙈