Naomba ushauri: pedali ya breki inazama, Volkswagen Beetle ya 1965

Wakuu, habari zenu. Beetle yangu ya 1965 ina breki za dramu magurudumu yote manne. Nikikanyaga na kushikilia, pedali inazama polepole mpaka karibu na sakafu, nikipampu inapanda. Mafuta ya breki hayapungui. Nimefungua dramu zote, silinda za magurudumu ni kavu kabisa, na upepo nimeshatoa kuanzia gurudumu la mbali. Nahisi masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) inapitisha mafuta kwa ndani. Kinachonitia hofu ni kwamba gari hili lina mkondo mmoja tu wa breki, masta ikigoma sibaki na breki ya mguu hata gurudumu moja.

Nikiifungua masta nikakuta vishimo vya kutu, mipira mipya ya ndani itashika kweli au ninunue masta nzima? Na paipu za mpira za zamani nizibadilishe kwa pamoja?